Skwadroni ya mdogo wangu inapelekwa Fallon, jangwani Nevada. Tuhofie nini hasa?

"Mdogo wangu ni fundi wa injini za ndege katika jeshi la majini la Marekani, kituo chake ni Lemoore, California. Juzi alipiga simu akasema skwadroni yao nzima inakwenda mahali panaitwa Fallon, jimbo la Nevada, kwa mwezi mzima na zaidi. Nikaingia mtandaoni kutafuta, na niliyoyakuta yameninyima usingizi: kwamba ni shule ya marubani wa kivita, kwamba mabomu ya kweli yanadondoshwa huko, kwamba ndege huanguka, na kwamba mji huo uliwahi kukumbwa na saratani ya damu kwa watoto, maji yakashukiwa. Mama yetu (tuko Tanga) ameshaamini kijana anapelekwa vitani na sisi tunafichwa. Mjomba naye anasema hapana, amechaguliwa kusomea urubani. Na jambo moja haliniingii akilini kabisa: jeshi la majini linatafuta nini jangwani? Naomba maelezo ya kina, hata kama ukweli ni mchungu."

Dada, mpe mama shikamoo yangu kwanza. Kisha mwambie hivi: mwanawe haendi vitani Nevada, na hakuna anayewaficha. Lakini naye hakukosea moja kwa moja. Safari ya Fallon, kwa kawaida, huja miezi michache kabla skwadroni (kikosi cha ndege) haijapanda manowari, yaani meli kubwa ya kivita inayobeba ndege, kwenda kazini ng'ambo. Kwa hiyo Fallon si vita, ila ni dalili kwamba zamu ya baharini inakaribia. Mjomba ndiye aliyekosea zaidi, na nitamfikia.

Nianze na jangwa, maana hapo ndipo mengine yote yanapofunguka. Fallon ni mji mdogo, watu wake hawafiki 10,000, kilomita 100 hivi mashariki ya Reno. Pembeni yake kuna mashamba ya majani ya ng'ombe na matikiti yanayomwagiliwa, kisha ni tambarare za chumvi na milima mikavu hadi macho yachoke. Uwanja wa ndege ulianza kujengwa mwaka 1942, wakati Wamarekani walipoogopa Japani ingeshambulia pwani yao ya magharibi. Jeshi la majini likauchukua mwaka uliofuata, na kituo kikazinduliwa rasmi tarehe 10 Juni 1944. Barabara yake kuu ya kurukia ndege ina urefu wa mita 4,267. Kwa kulinganisha, ile ya uwanja wa Julius Nyerere pale Dar es Salaam ni mita 3,000.

Watu wakisikia jeshi la majini hufikiria maji. Kwa ndege za manowari, bahari ni mahali pa kuegesha tu. Kazi yenyewe mara nyingi iko nchi kavu, tena mbali. Mwaka 2001 ndege zilizopiga Afghanistan, nchi isiyo na hata kipande cha pwani, ziliruka kutoka manowari zilizokuwa Bahari ya Arabia, upande ule wa Omani mnaoujua watu wa Tanga kwa majina ya babu zenu, zikavuka mamia ya kilomita za milima na kurudi. Huwezi kujifunza kazi hiyo ukizunguka juu ya mawimbi. Unahitaji milima ya kujificha nyuma yake, mabonde ya kuweka rada za adui wa kuigiza, ardhi ya kudondoshea mabomu, na anga pana lisilo na njia nyingi za ndege za abiria. Nevada ina vyote hivyo, na siku nyingi za mwaka mbingu yake haina mawingu. Hata Lemoore anakofanya kazi mdogo wako haiko baharini, imezungukwa na mashamba. Muulize, atakucheka.

Sasa, mtandaoni umechanganyiwa mambo mawili yaliyo chini ya paa moja. La kwanza ni TOPGUN, ile shule ya marubani wa kivita uliyoisoma. Hiyo ilianzishwa mwaka 1969 huko Miramar, California, baada ya ripoti iliyoeleza kwa nini makombora mengi yaliyorushwa na ndege za Marekani juu ya Vietnam yalikuwa yakikosa shabaha, na kwa nini marubani walikuwa wamesahau kupigana ndege kwa ndege. Mwaka 1996 ikahamia Fallon. Kinyume na sinema ya Top Gun inavyoonyesha, hakuna kombe wala mashindano ya nani bora. (Inasemwa sana kwamba mwanafunzi akinukuu sinema hiyo ndani ya shule hutozwa dola 5.) Ni shule ya kutengeneza walimu. Rubani ambaye tayari amefanya kazi miaka kadhaa anakaa pale takriban miezi mitatu, anajifunza kurusha na kufundisha kwa kipimo kimoja, kisha anatumwa akafundishe wenzake. Darasa lao ni dogo sana.

La pili, ambalo ndilo linalomhusu ndugu yako, ni mafunzo ya kundi zima la ndege za manowari. Hayo yana asili ya uchungu. Tarehe 4 Desemba 1983, ndege 28 kutoka manowari Independence na John F. Kennedy zilitumwa kupiga ngome za Syria katika milima ya Lebanon. Amri ya muda wa kupiga ilisogezwa mbele ghafla. Mafundi wakapakia mabomu mbio mbio, ndege nyingine zikaondoka na mzigo pungufu, marubani wakafika wakati jua linawapiga usoni. Ndege mbili zikadunguliwa, mwanajeshi mmoja akafa na mwingine akakamatwa, akaachiwa mwezi mmoja baadaye. Marubani wale walijua kurusha ndege vizuri tu. Kilichovunjika ni mpango, yaani nani anatangulia, nani anaziba rada za adui, nani anabeba nini, na nani ana mamlaka ya kusema bado hatuko tayari. Mwaka uliofuata, 1984, jeshi la majini likafungua Fallon kituo cha kufundisha mashambulizi ya pamoja. Kituo hicho, TOPGUN na shule ya ndege za rada viliunganishwa mwaka 1996, na tangu 2015 taasisi yote inaitwa kwa kifupi NAWDC.

Ukitaka kuielewa kazi yake, fikiria shughuli ya harusi. Mpishi wa pilau ni hodari, wa biriani hodari, mwenye kachumbari hana mpinzani, na wapakuaji wapo. Hawajawahi kufanya shughuli pamoja, na wageni ni mia sita. Kila mmoja kwa nafasi yake yuko sawa, na bado chakula kitaingia kikiwa baridi. Jifya moja haliinjiki chungu. Kundi la ndege la manowari moja lina skwadroni nne hivi za ndege za kivita, moja ya kuvuruga rada za adui, moja ya ndege zenye sahani kubwa ya rada mgongoni, mbili za helikopta, na ndege chache za kubeba watu na vifaa. Ni ndege zaidi ya 60 na watu zaidi ya elfu moja, na kwa kawaida kila skwadroni imekuwa ikijifunza nyumbani kwake. Fallon ndiko zinakofanya shughuli ya kwanza ya pamoja, kwa wiki nne hadi tano.

Wiki za mwanzo huwa na madarasa na safari ndogo: ndege mbili dhidi ya mbili, ndege nne dhidi ya mitambo ya kutungulia. Halafu hukua hadi ndege kadhaa wa kadhaa zinaondoka kwa zamu, zinakutana hewani kwa sekunde zilizopangwa, zinapita penye rada za kuigiza na kupiga shabaha, huku ndege za adui wa kuigiza zikizivamia. Hao maadui ni Wamarekani vilevile. Skwadroni iitwayo VFC-13 kazi yake ni kucheza upande wa pili, kwa kutumia mbinu za mataifa mengine. Kwa miaka mingi ilitumia ndege ndogo za F-5, na mwaka 2022 ikaanza kuhamia F-16. Kila ndege hubeba kifaa kinachotuma mahali ilipo, kasi na uelekeo wake. "Kombora" likirushwa, hakuna kinachotoka kwenye bawa. Mitambo hukokotoa kama lingefika, na aliyepatwa huambiwa kwa redio kwamba amekufa, anatoka mchezoni.

Kuruka kwenyewe ni nusu ndogo ya somo. Safari ya saa moja na nusu huzaa kikao cha tathmini cha saa nne au zaidi, mbele ya skrini inayorudisha kila mkunjo. Chukua mfano: ndege moja "imekufa" kwa sababu ilichelewa kugeuka sekunde sita. Kwa nini ilichelewa? Rubani alikuwa anabadilisha masafa ya redio. Kwa nini abadilishe wakati ule? Kadi ya mpango iliandika hivyo. Basi kinachorekebishwa ni kadi, na aliyeiandika yumo humo chumbani. Luteni humwambia kamanda wake wapi alikosea, na kamanda huandika kwenye daftari. Ukiniuliza kwa nini jeshi linatumia fedha zote hizi jangwani, nitakuonyesha chumba hicho kabla ya ndege yoyote.

Mdogo wako yeye hatakuwa humo. Atakuwa nje, kwenye lami, na mwezi huo utakuwa mgumu kwake kuliko kwa marubani wengi. Skwadroni huendesha zamu mbili za saa 12. Kila ndege ikirudi hukaguliwa kabla ya kuruka tena: matairi, breki, mafuta ya mitambo, dalili za uvujaji, visu vya injini (mapanga yanayozunguka ndani yake). Kwa fundi wa injini Fallon ina ubaya wake wa pekee. Uwanja uko mita 1,199 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kiangazi yenye nyuzi 35, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja uko mita 2,200, juu kuliko Nairobi. Injini inameza hewa pungufu, inatoa nguvu pungufu, na ndege inahitaji mwendo mrefu zaidi kuinuka na inatua kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo matairi na breki zinaliwa. Ongeza vumbi laini la chumvi linalopeperuka kutoka tambarare. Kokoto moja ikivutwa ndani inachubua kisu cha injini, na mchubuko mdogo huwa mwanzo wa ufa. Ndiyo maana watu hujipanga bega kwa bega na kutembea polepole wakiokota kila kijiwe, kila kipande cha waya. Ndiyo maana pia kila spana ina tundu la umbo lake kwenye sanduku. Tundu likibaki wazi mwisho wa kazi, ndege haiondoki hadi spana ipatikane, hata kama jenerali anasubiri.

Kuhusu mabomu: ndiyo, mengine ni ya kweli. Mengi si ya kweli. Yapo madogo ya mazoezi ya kilo 11 hivi yanayotoa moshi tu kuonyesha yalipoangukia, yapo ya uzito kamili yaliyojazwa kitu kisicholipuka, na yapo machache ya baruti halisi. Hutofautishwa kwa rangi: buluu maana yake ni la mazoezi, mkanda wa njano ni baruti kali, mkanda wa kahawia ni injini ya roketi. Hadondoshewi mtu. Kuna viwanja vya shabaha vinavyoitwa Bravo 16, 17, 19 na 20, vyote mbali na mji, na upakiaji wa baruti hufanywa na wataalamu wake, wenye fulana nyekundu. Fundi wa injini hagusi. Sitakwambia viwanja hivyo havina malalamiko. Bonde la Dixie liliwahi kuwa na wakazi, na jeshi likanunua nyumba zao katika miaka ya 1980 baada ya kelele za ndege kuwashinda. Wenyeji wa asili wa Walker River wamelalamika kwa miaka kuhusu mabomu yaliyoangukia ardhi yao. Sheria iliyopitishwa Desemba 2022 ikaongezea jeshi ardhi kubwa na kuyatengea makabila fidia. Lakini hayo ni madai ya watu wa Nevada, si hatari kwa kijana wenu.

Ajali za ndege hutokea, na anayekwambia hazitokei anakudanganya. Mwaka 2012, kwa mfano, ndege aina ya Kfir ya kampuni ya kukodiwa, iliyokuwa ikicheza upande wa adui, ilianguka Fallon katika hali mbaya ya hewa na rubani akafa. Sheria za mazoezi zimejengwa juu ya ajali za namna hiyo. Kila ndege hufikiriwa kuwa ndani ya puto la mita 150 ambalo nyingine hairuhusiwi kuligusa. Urefu fulani juu ya ardhi, mara nyingi mita 1,500, huhesabiwa kuwa ndiyo ardhi yenyewe, na anayeshuka chini yake amekufa kimchezo. Na mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, akitamka neno la kusimamisha, wote wanaacha papo hapo. Hata hivyo hayo ni ya waliomo ndani ya ndege. Mdogo wako hapandi.

Hatari yake iko chini, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mumsumbue nayo kwa simu kuliko habari za vita.

Masikio kwanza. Injini ya ndege hizo ikiwa na nguvu zote, karibu nayo kelele hupita desibeli 140. Kizibo peke yake hakitoshi, wala kofia yenye vifuniko peke yake haitoshi. Ni vyote viwili kwa pamoja, kila mara. Kizibo cha sponji huviringishwa hadi kiwe chembamba, sikio linavutwa juu na nyuma kwa mkono mwingine, kinaingizwa, kisha kinashikiliwa nusu dakika hadi kivimbe. Vijana wengi hukisukuma juu juu kwa sababu wana haraka. Mlio wa masikio usiokoma ndio ulemavu unaolipwa fidia zaidi kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani. Amwombe mhudumu wa afya nakala ya kila kipimo cha usikivu anachofanyiwa na aihifadhi mwenyewe. Miaka ishirini baadaye karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Pili, joto. Kwa mtu wa Tanga hili linadanganya. Joto letu la pwani lina unyevu, jasho linakuchuruzika na unajua umetoka maji. Jangwani jasho hukauka kabla hujaliona, mtu anajiona yuko sawa hadi kichwa kimgonge. Kazini kwenye lami anywe kidogo kidogo mara nyingi, karibu lita moja kwa saa wakati wa kazi nzito, asizidishe lita 1.4 kwa saa, na ale chakula chenye chumvi, kwa sababu maji mengi bila chumvi nayo huangusha mtu. Akiacha kutoa jasho, akachanganyikiwa au akatapika, huo si uchovu. Ni dharura ya kuitiwa gari la wagonjwa, apozwe mwili kwa maji baridi hapohapo wakati linasubiriwa. Msimu wa baridi mambo hugeuka, usiku hushuka chini ya sifuri, na chuma kinang'ata vidole.

Tatu, uchovu. Mdomo wa injini humvuta mtu aliye mbele yake, na moto wa nyuma humrusha. Mafundi wote wanalijua hilo siku ya kwanza. Wanaoumia mara nyingi ni wanaolijua, saa ya kumi na moja ya zamu, siku ya kumi na nane. Haki ya kusema "nimechoka, naomba mwingine aangalie" anayo, na kamanda mwenye akili anataka aitumie.

Sasa maji. Hili hukulipata kwa umbea, lilitokea. Kati ya mwaka 1997 na miaka ya mwanzo ya 2000, watoto zaidi ya kumi wa eneo la Fallon walipata saratani ya damu, idadi kubwa mno kwa mji mdogo kiasi hicho. Taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa ilipima maji, hewa, vumbi, damu na mikojo. Ilikuta aseniki nyingi na madini ya tangsteni kwa wingi usio wa kawaida, lakini haikupata kitu kilichowatofautisha watoto wagonjwa na wazima. Chanzo hakikuthibitishwa. Wapo waliotaja mafuta ya ndege, wapo waliotaja jaribio la nyuklia lililofanywa chini ya ardhi si mbali na hapo Oktoba 1963. Vyote vilichunguzwa, na kwa vyote ushahidi haukupatikana. Aseniki ndiyo iliyo wazi: maji ya mji yalikuwa nayo mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa sasa, mikrogramu 10 kwa lita, nayo inatoka kwenye miamba yenyewe. Mtambo wa kuisafisha ulijengwa na kuanza kazi mwaka 2004.

Kwa hiyo nipime vipi? Madhara ya aseniki ni ya kunywa kwa miaka. Mtu mzima anayekaa wiki tano akinywa maji ya mfumo wa umma uliopimwa hana sababu ya kuogopa. Asinywe maji ya kisima binafsi akialikwa shambani kwa mtu, kwa sababu visima hivyo havilindwi na sheria ya maji ya umma na kuchemsha hakuondoi aseniki, kunaikoleza. Akitaka uhakika, kila mfumo wa maji ya umma Marekani hulazimika kutoa taarifa ya ubora kila mwaka, na kituo hicho kinayo. Aombe aione. Kama angehamishiwa huko na mke mjamzito au watoto wachanga kwa miaka mitatu, ningemwambia aisome taarifa hiyo kwa makini zaidi na azungumze na daktari wa watoto.

Mjomba naye tumpe haki yake. Fallon haimfundishi mtu kurusha ndege. Urubani wa jeshi la majini huanza mbali kabisa. Lazima uwe raia, uwe na shahada ya kwanza, uwe afisa, upite vipimo vya macho na mwili. Mafunzo ya ofisa hufanyika Newport, Rhode Island, kwa miezi mitatu hivi. Kisha ni darasani Pensacola, halafu ndege ya propela ya T-6 huko Whiting Field au Corpus Christi, halafu jeti ya T-45 huko Kingsville au Meridian, halafu ndege yenyewe ya kivita huko Lemoore au Oceana. Ni miaka, si mwezi. Lakini mlango haujafungwa kwa fundi: wapo waliosoma shahada wakiwa kazini na jeshi likisaidia ada, wakaomba uofisa. Kama bado ana kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), utumishi wake unamfupishia njia ya uraia, na hilo aanze nalo kesho, kwa mwanasheria wa jeshi pale kituoni ambaye hatozi pesa. Umri una ukomo wake na macho yana kipimo chake, hayo akamuulize ofisa mwandikishaji ana kwa ana, asiyasome mtandaoni.

Baada ya Fallon nini? Kwa utaratibu wa kawaida kundi hupanda manowari kwa zoezi kubwa la mwisho baharini, karibu mwezi, kisha huondoka kwa miezi sita hadi tisa, wakati mwingine zaidi. Mama aelezwe hilo sasa, taratibu, na kijana mwenyewe, kabla hajalisoma kwenye simu ya mtu. Tarehe msimuulize, naye asiwaambie kwa ujumbe wa simu. Mkizijua, msiziandike popote, hata kwenye kikundi cha ukoo. Dua ya safari njema haihitaji tarehe.

Kuna kazi tatu kijana afanye kabla ya kufunga begi. Ahakikishe fomu yake ya taarifa za dharura ina namba ya Tanga ikiwa na 255 mbele, na namba ya pili ya mtu anayeweza Kiingereza kama mama hawezi, kwa sababu namba ya zamani iliyokufa ndiyo husababisha familia za ng'ambo kuchelewa kupata habari. Athibitishe jina la mrithi kwenye bima yake ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 hufika dola 500,000. Wengi huacha jina la mchumba wa miaka mitano iliyopita. Na ampe mjumbe wa familia wa skwadroni yake (kila skwadroni ina mtu huyo, aliyeteuliwa na kamanda) mawasiliano yako wewe.

Likitokea jambo kwenu, mgonjwa mahututi au msiba, msitegemee simu yake, huenda amezima zamu nzima. Njia rasmi ni Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao hupeleka ujumbe wa dharura kwa kamanda saa yoyote. Uwe na jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa, jina la skwadroni, na jina la hospitali na daktari atakayethibitisha. Wao hufikisha ujumbe tu, ruhusa ya safari hutoa kamanda. Andika hayo yote kwenye karatasi leo, ibandike nyuma ya mlango wa kabati.

Na mama, kama kukosa usingizi kumepita wiki mbili, au hali chakula, au kama ana shinikizo la damu analomezea dawa nalo limeanza kupanda, usimtulize kwa makala yangu. Mpeleke hospitali akaonwe, na siku hiyo kijana apige simu ya picha akiwa amevaa nguo zake za kazi, mama amwone.